Barua ya Maombi ya Kazi: Nani Anaisoma?

Kila mwaka, wahitimu wanapoanza kutafuta ajira, mezani kwangu hufika karatasi zinazofanana. Ni barua za maombi ya kazi ambazo wanafunzi wangu huniomba nizipitie kabla hawajazipandisha kwenye mfumo wa mtandao. Aya ya kwanza husema "husika na kichwa cha habari hapo juu". Ya pili hutaja umri, shahada na chuo. Ya tatu huahidi bidii, uadilifu na uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Ya mwisho hutanguliza shukrani. Zamani waliniuliza kama barua imeandikwa vizuri. Siku hizi wananiuliza kama kuna mtu anayeisoma.

Swali hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Ukilitazama juu juu, linahusu mbinu za kutafuta kazi: je, kuna faida ya kuambatisha barua ikiwa fomu ya mtandaoni imekwisha kukuuliza jina, umri, namba ya kitambulisho cha taifa, shahada na ufaulu wako? Ukilitazama kwa undani, linahusu uhusiano kati ya raia anayeomba na taasisi inayoombwa. Katika makala haya ninajenga hoja kwamba thamani ya barua ya maombi, tangu ilipoingia katika ofisi zetu, imetegemea kuwapo kwa mtu mwenye wajibu wa kuisoma. Pale msomaji huyo alipokuwapo, barua ilifungua mlango. Pale alipoondoka, ilibaki kuwa desturi. Ili kulionesha hilo, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Barua kama sampuli ya kazi

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utamaduni wa barua kabla ya ofisi za kikoloni. Wafanyabiashara, makadhi na watawala waliandikiana kwa Kiarabu na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na barua ilikuwa na adabu zake: salamu na dua kwanza, haja baadaye. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya aina hiyo. Mwaka huohuo ilifunguliwa shule ya Tanga, ambayo ilikuja kuwa shule mashuhuri kuliko zote za serikali katika koloni la Wajerumani. Utawala ule ulihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida wa kusoma amri na kuandika taarifa, na lugha iliyotumika kwa sehemu kubwa ya shughuli hizo ilikuwa Kiswahili. Polepole hati za Kilatini zikachukua nafasi ya hati za Kiarabu.

Katika mazingira hayo, mtu aliyeomba ukarani kwa barua alikuwa anaonesha kazi yenyewe. Karani aliajiriwa ili aandike. Mwandiko wake, tahajia yake, mpangilio wa aya zake na adabu ya salamu zake vilikuwa ushahidi ulio wazi mbele ya macho ya mwajiri. Ni sawa na seremala anayekwenda kuomba kazi akiwa amebeba kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Masalia ya mantiki hiyo tunayo hadi leo: matangazo ya kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika miaka ya karibuni yameendelea kutaka maombi yaandikwe kwa mkono.

Hapa tunapata kazi ya kwanza ya barua: kupima ujuzi. Lakini tangu mwanzo kazi hiyo ilikuwa na mpaka. Barua humpima vizuri anayeombea kazi ya kuandika. Haimpimi vizuri fundi mitambo, muuguzi wala dereva. Aidha, nje ya mahakama na posta za miji yetu walikaa waandishi wa barua kwa malipo, kwanza na kalamu, baadaye na taipureta. Mtu alieleza shida yake kwa mdomo, naye mwandishi akaivika lugha ya ofisi. Kwa hiyo wasiwasi kwamba aliyesaini barua huenda siye aliyeitunga una umri mkubwa kuliko kompyuta.

Njia mbili za kumpata mtumishi

Kuna njia mbili kuu ambazo dola mbalimbali zimezitumia kuwapata watumishi wake. Ya kwanza ni mtihani. China iliitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi ilipoifuta mwaka 1905. Wakati wa nasaba ya Song, majina ya watahiniwa yalifunikwa, na makarani walizinakili upya karatasi za majibu ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko wa mtahiniwa. Lengo lilikuwa kumzuia mwenye madaraka asimpendelee mtu wake. Dola ile ilikwisha kubaini kwamba mwandiko, ambao kwetu ulikuwa sifa ya mwombaji, unaweza pia kuwa ishara ya siri kati yake na anayemfahamu.

Njia ya pili ni barua na mapendekezo. Nchini Uingereza, hadi katikati ya karne ya 19, nafasi nyingi za serikali zilipatikana kwa kujuana. Taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipendekeza mitihani ya ushindani badala ya upendeleo. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya utumishi wa umma, na mwaka 1870 ushindani wa wazi ukapanuliwa. Maofisa waliokwenda kuitawala India walipatikana kwa mtihani tangu mwaka 1855.

Maofisa waliotumwa Tanganyika hawakupatikana hivyo. Kwa karibu miongo mitatu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uteuzi wa maofisa tawala wa makoloni ya Afrika ulikuwa chini ya Ralph Furse wa Wizara ya Makoloni, London. Yeye na wenzake waliegemea mahojiano pamoja na barua za siri kutoka kwa walimu na wakufunzi wa vijana hao. Walitafuta tabia: ukakamavu, ustahimilivu, uongozi wa michezo, malezi ya shule fulani. Bwana Shauri aliyeketi Kondoa au Songea alikuwa mwenyewe zao la barua iliyoandikwa na mtu aliyemfahamu na kusomwa na mtu aliyemwamini mwandishi.

Jambo hili lina uzito katika historia yetu. Tuliurithi utumishi wa umma ambao wakubwa wake waliingia kwa sifa za tabia na kwa kufahamika. Kazi ya pili ya barua ndiyo hiyo: kumuunganisha mwombaji na mwenye uwezo. Na kazi hiyo, tofauti na ya kwanza, haikuhitaji hata mwombaji mwenyewe awe ndiye aliyeandika.

Kutoka mtumishi mtiifu hadi ndugu

Chini ya maofisa hao walikuwapo makarani Waafrika, na anayejulikana zaidi ni Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1922, akiwa karani mkuu Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika watatu wa Tanganyika waliopelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Baadaye alipanda hadi Sekretarieti ya Serikali, Dar es Salaam. Watu wa tabaka lake waliishi kwa barua: waliandika barua za serikali mchana, na za vyama vyao jioni.

Barua rasmi za Kiingereza za wakati huo zilifungwa kwa maneno ya kujitambulisha kuwa mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa. Hata Gavana aliyafungia barua zake kwenda London kwa desturi hiyo. Kwa Mwingereza, hayo yalikuwa mazoea ya adabu tu. Kwa Mwafrika aliyetawaliwa, maneno yaleyale yaliitaja hali yake halisi. Mpaka leo ninapokutana na barua ya kijana wa Kitanzania inayojinyenyekeza kupita kiasi kwa mwajiri ambaye atamlipa kwa kazi atakayoifanya, ninausikia mwangwi wa sentensi hiyo.

Hata hivyo, ujuzi uleule wa kuandika ombi uligeuka kuwa ujuzi wa kuandika dai. Wameru walipoondolewa katika ardhi yao mwaka 1951, waliandika malalamiko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuyaeleza mbele ya Umoja wa Mataifa. Malalamiko yale yalikuwa na anwani, tarehe, saini na haja iliyotajwa bayana. Hiyo ndiyo kazi ya tatu ya barua, nayo mara nyingi husahauliwa: kuweka kumbukumbu. Barua iliyopokelewa hugongwa muhuri, hupewa namba ya kumbukumbu na kuwekwa kwenye jalada. Aliyeipokea hawezi kusema hakuambiwa. Utamaduni wa masjala uliodai kila barua ijibiwe kwa kutaja namba na tarehe yake ulimpa hata mnyonge haki ndogo: haki ya kujibiwa, japo kwa kukataliwa.

Baada ya Uhuru sura ya barua ilibadilika. "Bwana" akawa "Ndugu", na mtumishi mtiifu akawa "wako katika ujenzi wa taifa". Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Nchi ilikuwa na nafasi nyingi kuliko wasomi. Mhitimu aliyesomeshwa na serikali alifungwa na mkataba wa kuitumikia kwa miaka mitano, naye alipangiwa kazi. Kwa mhitimu wa namna hiyo barua ya maombi ilikuwa karatasi ya utaratibu, kwa sababu dola ilimhitaji kabla hajaiomba.

Barua haikutoweka, bali ilihamia kwingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wametumikia kwanza, na wawe na mapendekezo mazuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Mtaani na kijijini, raia alihitaji barua ya utambulisho iliyopitia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Swali la dola kwa raia lilikuwa: nani anakufahamu, naye anasemaje juu yako? Ni swali lilelile la Furse, likiulizwa safari hii kwa jina la umma.

Kurudi kwa barua, kuingia kwa kimemo

Mageuzi ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 yalimaliza enzi ya kupangiwa kazi. Ajira mpya serikalini zilibanwa, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na mhitimu akawa mtu anayetafuta. Barua ya maombi ikarudi kwa nguvu. Bahasha za kaki zenye nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria zikajaa masanduku ya posta.

Pamoja nayo likashamiri neno ambalo kila Mtanzania wa rika langu analifahamu: kimemo. Kimemo ni kikaratasi chenye maneno machache na saini kubwa. Barua ya mwombaji ya kurasa mbili iliingia masjala. Kimemo kiliingia ofisini kwa mkubwa. Kwa lugha ya makala haya, kimemo kilikuwa barua iliyojihakikishia msomaji. Kilichowaumiza vijana wa wakati huo ni kutambua kwamba barua zao nzuri zilishindana na kikaratasi ambacho hakikutaja hata sifa moja ya kitaaluma.

Serikali ililiona tatizo hilo. Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya mwaka 1999 iliweka msingi wa ajira kwa ushindani wa wazi na kwa sifa. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007, ikaunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Baadaye maombi yakahamia mtandaoni kupitia Ajira Portal. Haya ni mafanikio ambayo haifai kuyabeza. Kijana wa Namtumbo anaweza leo kuomba kazi bila nauli ya kwenda Dodoma na bila kumfahamu mtu. Wajuzi wa historia watakubali kwamba hii ni njia ya mtihani ikichukua nafasi ya njia ya barua, karne moja na nusu baada ya Northcote na Trevelyan.

Matukio mawili yaliisukuma zaidi safari hiyo. Mwezi Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yaliyojaa wasailiwa zilionesha kwamba utaratibu wa kumwita kila mtu umefika mwisho wake. Kisha mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo cheti kilichohakikiwa kimekuwa mfalme wa mchakato. Mwombaji anajulikana kwa namba zake: namba ya mtihani, namba ya kitambulisho, alama za ufaulu.

Lakini barua imebaki. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka barua ya maombi iliyosainiwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kuelekezwa kwa Katibu. Mtumishi aliyeko kazini anatakiwa kuipitisha kwa mwajiri wake. Hapa ndipo swali la wanafunzi wangu linapopata uzito. Ikiwa ujuzi unapimwa kwa mtihani, na utambulisho unahakikiwa kwa namba, barua inafanya kazi gani?

Hesabu ya usomaji

Tuzichukue zile kazi tatu, moja baada ya nyingine.

Kama kipimo cha ujuzi, barua ya leo imekwisha nguvu. Kwa miaka mingi sasa vijana wa steshenari wamekuwa na kiolezo kimoja kwenye kompyuta, wanachobadilisha jina, anwani na cheo kinachoombwa, kisha wanakuchapia, wanaskani na kukupandishia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotoka programu ya ChatGPT, barua safi isiyo na kosa la tahajia hupatikana kwa dakika moja, bila hata kwenda steshenari. Mwajiri anayedhani kwamba barua isiyo na makosa ni ushahidi wa uwezo wa mwombaji anaishi katika karne ya karani mwenye kalamu.

Kama kiunganishi na mwenye uwezo, barua haipaswi kurudi kabisa. Utafiti mashuhuri wa Bertrand na Mullainathan, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusu maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 yaliyotumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago nchini Marekani. Sifa zilifanana, lakini wenye majina yaliyodhaniwa kuwa ya Wazungu waliitwa kwa kiwango kilichowazidi kwa takribani asilimia 50 wenye majina yaliyodhaniwa kuwa ya Wamarekani weusi. Historia ya Marekani si yetu, ila somo linatuhusu: jina, anwani na namna ya kujieleza hubeba ishara ambazo msomaji huzipokea hata bila kukusudia. Kwetu sisi, majina hutaja mkoa, kabila na dini. Anayependekeza kwamba barua zisomwe hana budi kueleza zitasomwaje bila kumrudisha Furse mezani.

Inabaki kazi ya tatu, ya kumbukumbu. Saini chini ya barua inamfunga mwombaji kwa aliyoyasema, na kwa mtumishi wa umma, njia ya kupitia kwa mwajiri inahakikisha kwamba hakuna anayetoroka kituo. Hii ni kazi halali, ingawa inaweza kufanywa na tamko la mstari mmoja lenye saini. Haihitaji aya nne za kuahidi bidii.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi ya watu zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Tuchukulie kila mmoja ameandika barua ya ukurasa mmoja, nayo inasomwa kwa dakika mbili tu. Hizo ni dakika 270,000, yaani saa 4,500. Ofisa mmoja anayesoma saa nane kwa siku bila kufanya jambo jingine angehitaji siku za kazi zaidi ya 560. Maofisa kumi wangehitaji siku 56. Na hao wangekuwa wamemaliza kusoma barua za tangazo moja tu la taasisi moja. Hakuna ofisi itakayofanya hivyo, na hakuna anayepaswa kuilaumu kwa kutofanya. Msomi anayemwambia kijana kwamba barua yake itasomwa kwa makini katika hatua hiyo ya kwanza hamtendei haki.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Tuseme mtihani wa mchujo umepita na wamebaki watu watatu kwa kila nafasi. Hao ni watu 4,788. Barua zao, kwa dakika mbili kila moja, ni takribani saa 160. Maofisa watano wanazimaliza kwa siku nne. Maana yake ni kwamba tatizo la barua ni la mahali tulipoiweka. Tumeiweka mlangoni, ambako haiwezi kusomwa, badala ya kuiweka chumbani, ambako ingeweza kusomwa.

Tufanye nini?

Kwa watumishi wa umma wenye dhamana ya ajira ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika hatua ya maombi, barua ibadilishwe kuwa tamko fupi lenye saini, la kuthibitisha ukweli wa taarifa. Hilo litawapunguzia vijana gharama ya kuchapa na kuskani, na litapunguza idadi ya wanaoondolewa kwa sababu ya kiambatisho badala ya sifa. Pili, waliofaulu mchujo waulizwe swali moja au mawili mahususi kuhusu kazi waliyoomba, wayajibu kwa maneno machache, wakiwa palepale kwenye chumba cha mtihani, na majibu yasomwe na watu wawili wasioona majina. Serikali ya Uingereza ina utaratibu wa aina hiyo: mwombaji hutoa mfano wa jambo alilolifanya, mara nyingi kwa maneno 250, na taasisi nyingi huficha jina lake wakati wa kuchuja. Tatu, anayeandika ajibiwe. Desturi ya sasa ya kutangaza kwamba ambaye jina lake halimo ajue hakufanikiwa, na asisite kuomba tena, inaeleweka kwa sababu ya wingi wa watu. Lakini mfumo uleule wa kompyuta unaopokea maombi 100,000 unaweza kutuma majibu 100,000 yenye sababu. Karani wa masjala wa mwaka 1950 asiyekuwa na kompyuta aliutambua wajibu huo.

Kwa wanaharakati, ninashauri kwamba madai yenu kuhusu ajira yasiishie kwenye idadi ya nafasi. Dai la kujibiwa na kupewa sababu ni dai la haki, na halihitaji bajeti kubwa. Kijana aliyeomba mara 20 bila kuelezwa alikosea wapi hawezi kujirekebisha, na ukimya unapokuwa mrefu yeye hujaza sababu zake mwenyewe: rushwa, udini, ukabila, ukanda. Wakati mwingine anakuwa sahihi, wakati mwingine hayuko sahihi. Ofisi iliyonyamaza haina namna ya kumwonesha tofauti.

Kwa wanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Tangazo likidai barua, iambatishe, isaini, ielekeze kwa anayetajwa, kwa lugha iliyoruhusiwa. Katika mfumo wenye makumi ya maelfu ya waombaji, kazi yake ni kukuzuia usiondolewe. Usikeshe ukitafuta maneno ya kumvutia msomaji ambaye hayupo. Nguvu zako zipeleke kwenye mtihani wa mchujo na kwenye usahihi wa taarifa zako.

Hali ni tofauti kabisa unapoomba kazi kwenye asasi ndogo, shule binafsi, kampuni ya watu 15 au mradi wa wilayani, ambako atakayefungua barua pepe yako ndiye utakayefanya naye kazi. Huko msomaji yupo, na barua ni fursa hata kama tangazo halikuitaja. Iandike kwa ukurasa usiojaa. Eleza kile ambacho vyeti haviwezi kukieleza. Ikiwa umesomea sosholojia na unaomba kazi ya mradi wa maji, yeye anajiuliza kwa nini, mjibu. Ikiwa baada ya kuhitimu shahada ya kilimo ulikaa miaka miwili ukitunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika kijijini kwenu, fomu nyingi hazina kisanduku cha jambo hilo, wakati huenda ndilo linalokutofautisha na wenzako 40. Litaje kwa namba: wanachama wangapi, mzani gani, msimu gani, ulirekebisha nini. Usiahidi bidii, taja kazi uliyoimaliza. Na usijinyenyekeze kama mtumishi mtiifu wa karne iliyopita. Unaomba kufanya kazi, hivyo andika kama mtu mzima anayezungumza na mtu mzima.

Ninaandika haya pia kama mtu ambaye taaluma yake hutegemea barua za watu wengine. Tunachokifahamu kuhusu tabaka la makarani wa Tanganyika, hasira zao, matumaini yao na ujanja wao, kwa sehemu kubwa tunakifahamu kwa sababu waliandika, wakasomwa, na majalada yakatunzwa. Mwanahistoria wa mwaka 2080 atakapofungua kumbukumbu za kizazi hiki cha wahitimu, atakuta mamia ya maelfu ya barua zinazosema kitu kimoja kwa maneno yaleyale, na hatajua walikuwa akina nani. Atajua tu kwamba dola iliwataka waandike. Ikiwa tunataka ajue zaidi ya hapo, tuanze kwa kuwauliza vijana hawa swali linalostahili kujibiwa, kisha tuketi tuyasome majibu yao.